Umuganda wa Kukaa Kimya

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Nimeendesha lori miaka ishirini na sita, Kigali hadi Dar es Salaam na kurudi, na barabarani nilijifunza kwamba mzigo husifiwa ukishashushwa, si ukiwa njiani. Ndiyo maana miaka yote Scovia aliyokuwa akisoma mimi nilikaa kimya. Lakini niseme kweli: sikukaa kimya, nilikuwa nikimcheka. Leo mzigo umeshushwa, na mwenye kutaka kunizuia nisimsifu aje hapa Batsinda tuonane ana kwa ana.

Jina langu Rutayisire. Nililelewa Karagwe, Tanzania, na tangu nistaafu nimekuwa mkuu wa mudugudu wetu, yaani mtaa, kazi isiyo na mshahara ila ina lawama za kutosha. Scovia ni jirani yangu. Ana miaka thelathini na tisa, mwembamba, na anatembea haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Alizaliwa Uganda, upande wa Mbarara, akaja hapa akiwa na miaka kumi, ameshika sketi ya mama yake. Baba yake walimzika kulekule.

Mama yake anaitwa Mukankusi, na huyo usimwone hivi hivi. Alifika mjini mikono mitupu, akaanza kuuza maharage soko la Kabuga, na siku ambazo hakwenda sokoni alifyatua matofali ya udongo kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba yake ni ya mwisho katika mstari wa nyumba kumi na nne ulio kwenye mteremko. Sisi wengine tulipasua mlima kwa sururu miezi mitatu ili tupate pa kuweka sebule. Yeye alipata kiwanja tambarare kama meza, na tulimwonea wivu. "Mungu alijua mimi ni mjane," alikuwa akitutambia, "akanichimbia mwenyewe." Humo ndimo alimomkuza Scovia, na kila mgeni aliyefika Mukankusi alimwambia kwamba yeye katika nyumba ile atatoka ndani ya jeneza, amebebwa na watu sita.

Scovia alisomea ujenzi, akapata kazi ya kusimamia mafundi kule Remera. Huko aliona jambo lililomkera: msingi wa ghorofa moja ulichimbwa mara mbili, kwa sababu hakuna aliyejua chini kuna nini mpaka majembe yalipofika. "Mzee, watu wanachagua rangi ya vigae mwezi mzima," aliniambia, "lakini udongo utakaobeba hivyo vigae hawauulizi hata siku moja." Mtu mwingine angelalamika yakaisha. Yeye aliacha kazi, akanunua mtambo mkuukuu wa kupimia ardhi, akamchukua Évode, fundi mwashi kutoka Bujumbura mwenye mabega mapana na maneno mengi kuliko mabega, wakafungua kampuni. Waliiita Tega Amatwi, yaani tega masikio. Kampuni nzima ilikuwa watu wawili, nyundo kubwa moja na pikipiki ya kukodi.

Kazi zikaja kidogo kidogo. Lakini kila mteja alitaka kupimiwa kiwanja chake tu, na Scovia akawa anaona kwamba kiwanja kimoja hakimwambii mtu chochote kuhusu mlima mzima. Ndipo akiwa na miaka thelathini na sita akarudi shule, shahada ya uzamili katika mipango miji, masomo ya jioni. Siku aliponiambia nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Scovia," nikamwambia, "wewe siku ya kuhitimu ndiyo siku utakayostaafu."

"Muzehe, cheka tu," akajibu. "Kucheka haikatazwi na sheria."

Jioni alikuwa anashuka basi akiwa amechoka hoi, mkoba mgongoni, na mama yake amemwekea chakula chini ya sahani iliyofunikwa. Kule chuo walimfundisha jinsi mji unavyopangwa, wakamfundisha kuendesha biashara isife, wakamfundisha na jambo la tatu ambalo sikulielewa hata kidogo: kutengeneza ndani ya kompyuta picha ya ardhi usiyoiona. Nikamwambia huo ni uganga. Akaniuliza, "Mzee, ulipokuwa dereva, zile tairi za nyuma zinazokaa mbili mbili, ulijuaje kama ya ndani haina upepo?"

"Niliigonga kwa chuma. Nzima ina sauti yake, mbovu ina yake."

"Basi na mimi ninagonga."

Siku hiyo sikucheka. Nilimwelewa vizuri zaidi kuliko nilivyotaka.

Sasa, mvua za mwaka juzi zilikuwa kali, na katika ule mstari wa nyumba kumi na nne, nyumba mbili za katikati zikapata nyufa. Mwezi wa kumi na mbili wakaja wakaguzi wa jiji. Walitembea, wakapiga picha, wakasema mstari mzima unaonekana ni amanegeka, ndivyo tunavyoita hapa mahali pa hatari pasipofaa kuishi mtu. Kama ni hivyo, wote wahame kabla ya mvua za masika. Hawakuwa watu wabaya, na walisema jambo la haki: mkiwa na ushahidi wa kitaalamu kwamba ardhi ni imara, tuleteeni kabla ya katikati ya mwezi wa tatu.

Scovia wakati huo alikuwa anatafuta mada ya utafiti wake wa kumalizia shahada. Mwalimu wake alimpendekezea mteremko mwingine, uliokwisha kupimwa, wenye data tayari. Alikataa. Alichagua mstari wetu, na hapo elimu yake ikawa si jambo la mkoba na basi tena. Familia kumi na nne zilikuwa zinasubiri aseme watalala wapi, na ya kumi na nne ilikuwa ya mama yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unachomeka ardhini vijiti ishirini na vinne vya chuma, vimeungwa kwa waya, na kila kimoja kinanasa mtetemo. Vijana waliviita masikio ya Scovia. Kisha unaweka bamba la chuma chini, Évode anapiga nyundo, na mtambo unaandika mtetemo ulichukua muda gani kufika kwenye kila sikio. Kwenye mwamba unakimbia, kwenye udongo laini unajikokota. Shida ni kwamba masikio yale husikia kila kitu. Juu yetu kuna barabara ya mabasi na pikipiki, na kila basi likipita, mchoro unavurugika kama mtu ametikisa meza unapoandika. Mchana ikashindikana. Usiku nyundo haipigwi penye watoto waliolala, na walinzi wa doria walishaniambia wazi kwamba wao watamkamata Évode kwanza, maelezo baadaye.

Scovia akaja kwangu. "Muzehe, iko siku moja tu ambapo barabara inanyamaza."

Nilijua anasema nini. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano nchi nzima inafanya kazi ya pamoja, maduka yanafungwa, magari hayatembei. Aliomba yeye na Évode wasamehewe kazi ya mwezi wa kwanza ili wapime. Nilinung'unika, kwa sababu mkuu wa mudugudu akisamehe mtu mmoja kesho wanakuja kumi na vyeti vya daktari. Lakini nikakubali.

Jumamosi ile barabara ilikuwa kimya kweli. Hata pikipiki moja haikupita. Évode akapiga nyundo, Scovia akatazama kioo cha mtambo, akakunja uso. Évode akapiga tena. Mchoro ulikuwa umejaa miiba kutoka mwanzo hadi mwisho, mbaya kuliko siku ya mabasi. Wakabadilisha waya, wakabadilisha betri. Mwishowe Évode akaweka nyundo chini, akanyoosha kidole juu, akaanza kucheka mpaka akakaa.

"Chef," alivyozoea kumwita bosi wake, "angalia wale!"

Hatua hamsini juu yao watu mia mbili walikuwa wanachimba mtaro wa barabara kwa majembe, tena wakiongozwa na mimi, tena kwa bidii, kwa sababu nilikuwa nawapigia kelele waongeze kasi. Tulikuwa tumehesabu magari yote ya Kigali tukasahau majembe. Mtu aliyesoma na mtu aliyezunguka Afrika Mashariki nzima, wote wawili! Scovia alikuwa na haki ya kulia, lakini naye alicheka.

Jioni alirudi, na sasa hakuwa anacheka. "Mwezi wa pili, Mzee, ndiyo nafasi ya mwisho. Naomba watu wakae chini. Wote. Saa tatu zile wasichimbe, wasitembee."

Hapo hasira zikanipanda. Nilimwambia umuganda ni jasho, haijawahi kutokea watu wakaitwa kwenye umuganda kukaa kama wako harusini. Nilimwambia atanifanya kichekesho cha kata nzima. Aliniacha nimalize, maana ananijua, mimi moto wangu ni wa mabua. Kisha akasema, "Mzee, kazi ya siku hiyo ni kunyamaza. Ukiona ni rahisi, jaribu kuwanyamazisha watu mia mbili."

Nikampigia simu gitifu, mtendaji wa kagari inayosimamia midugudu yetu, mkubwa wangu. Alicheka, akauliza mara mbili kama ni mimi kweli ninayeongea, halafu akakubali, kwa sharti kwamba mtaro wa barabara tuumalize Jumamosi inayofuata. Nikatangaza.

Na watu walikuja. Walikuja hata wale ambao kila mwezi huumwa mgongo. Walikaa kwenye mteremko, majembe wamelaza chini, akina mama wenye watoto wachanga tukawapeleka ng'ambo ya pili ya kilima. Mimi nilisimama katikati, mkono juu kama askari wa barabarani. Nikiinua, hakuna kukohoa. Évode anapiga mara nane, Scovia anaitikia kwa kichwa, nashusha mkono, watu wanapumua na kukohoa kwa pamoja. Tukahamia sehemu nyingine. Hivyo hivyo, kwa muda wa saa tatu kasoro kidogo. Mzee mmoja alisali rozari yote bila kutoa sauti. Kelele ilitokea mara moja tu: simu ililia, nikageuka kwa hasira kumtafuta mwenye adabu mbovu, na simu ilikuwa mfukoni mwangu, mwanangu Belyse ananiuliza kama umuganda umekwisha. Watu walicheka dakika tano nzima, na haki yao.

Saa tano Scovia alifunga mtambo, akasema maneno mawili tu: "Tumepata." Walimpigia makofi kama amefunga goli pale uwanja wa Amahoro.

Baada ya hapo akajifungia na kompyuta yake siku kumi na mbili. Mukankusi alikuwa anapita nyumba hadi nyumba: "Mwana wangu anamaliza. Anatengeneza ramani ya chini ya ardhi. Mumeshaona wapi?" Waliompenda walimpongeza, na wasiompenda pia, kwa sababu nao walikuwa ndani ya mstari.

Siku ya kumi na tatu Scovia alikuja kwangu na karatasi imekunjwa. Aliifungua mezani. Rangi ya bluu ilikuwa mwamba, nyekundu udongo laini. Kuanzia nyumba ya kwanza hadi ya kumi na tatu bluu ilikuwa karibu, mita mbili, mita tatu chini. Nyufa zile mbili zilitokana na maji ya mvua yanayoshuka kutoka juu bila mtaro nyuma ya nyumba wa kuyachepusha, kitu ambacho majembe yetu yangemaliza Jumamosi mbili. Nikapiga meza kwa furaha. Kisha nikaona mwisho wa karatasi. Chini ya nyumba ya kumi na nne nyekundu ilikuwa inazama, inazama, mpaka mita kumi na moja.

"Hapo palikuwa na machimbo ya moramu zamani," Scovia akasema. "Nimewauliza wazee wa ng'ambo, wanakumbuka. Yalifukiwa kwa kifusi kabla sisi hatujaja. Ndiyo maana palikuwa tambarare."

Mungu hakumchimbia Mukankusi. Aliyechimba alikuwa mtu na koleo, na aliyefukia hakushindilia.

Sasa nitasema jambo ambalo sijivunii. Nilitazama ile karatasi, nikamfikiria yule mwanamke na matofali yake, nikasema: "Masikio yako yalikuwa ishirini na manne. Yangekuwa ishirini, ungeharibu nini? Mstari ungeishia nyumba ya kumi na tatu. Nani angejua?" Mimi, mkuu wa mudugudu, niliyapanga maneno hayo na kuyatoa mdomoni.

Scovia hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. "Nimeirudia hesabu mara nne nikitafuta kosa langu," akasema. "Nililitamani hilo kosa, Mzee. Halipo. Kisha unaniambia nimwache mama alale juu ya shimo, kwa sababu ni mama?"

Nilimuuliza kama amemwambia mama yake. Akasema amejaribu jioni tatu, na kila akifungua mdomo mama yake anaita jirani aje amwone mwanawe msomi. Kwa mara ya kwanza tangu akiwa na miaka kumi nilimwona Scovia akilia.

Joho na kofia alikuja kuvaa miezi baadaye, na picha ipo sebuleni kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Utafiti wake ulipita, na mwalimu wake akamwambia ameng'ang'ania mteremko mgumu na ameuweza. Tega Amatwi sasa ina watu sita. Hayo yote nayajua na nayasimulia kwa mtu yeyote anayekaa karibu nami kwenye basi. Lakini siku ninayoihesabu mimi ni ile Jumapili ya mwezi wa tatu, tulipoita mkutano wa familia kumi na nne mbele ya nyumba yangu, na Scovia akasimama na karatasi yake huku mama yake amekaa mstari wa mbele, amevaa umushanana wake wa harusi za watu wakubwa, vazi la kufunga begani, kwa sababu mwanawe anahutubia.

Alianza na habari njema. Alitaja nyumba moja moja, kwa majina ya wenyewe, na kila jina likitajwa mtu alivuta pumzi. Kumi na tatu zinabaki, mtaro wa nyuma ya nyumba uchimbwe kabla ya mvua. Watu wakaanza kupiga vigelegele. Scovia akainua mkono wasubiri. "Ya kumi na nne haiwezi kubaki. Chini yake kuna shimo lililofukiwa. Ikinyesha sana itashuka na kila aliye ndani. Inatakiwa kuhama mwezi huu. Ni ya mama."

Mukankusi akasimama, polepole, akaweka vazi lake sawa begani.

"Scovia. Umepima mara ngapi?"

"Kupima mara moja, mama. Hesabu mara nne."

"Na hilo shimo, mara zote nne iko palepale?"

"Iko palepale."

Mama akatugeukia sisi. "Munasikia? Mulikuwa munaniuliza kila siku, huyu mtoto anasoma nini mpaka anazeeka. Na mimi nilikuwa sijui kuwajibu, nilikuwa najisifu tu. Leo nimejua anasoma nini. Angesimama hapa aseme zenu ndiyo zinaenda, ya mama yake inabaki, ningehama usiku bila kuaga mtu, juu ya aibu. Sasa nitahama mchana, na nyinyi mutanibebea vitu."

Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini kichwa kilikuwa juu. Scovia alitaka kumwendea, naye akamzuia kwa kiganja, hajamaliza. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimekaa mezani na daftari la mikutano.

"Rutayisire, kwa nini huandiki? Andika nyumba ya Mukankusi ndiyo inahama. Na andika nani alipima."

Nikaandika. Niliandika kwamba nyumba kumi na tatu ni salama na moja itahamishwa, kwamba aliyepima ni Scovia, na kwamba mwenye nyumba inayohama ni mama yake mzazi, naye amekubali mbele ya wote. Kisha Scovia akatia sahihi, nikampa Mukankusi kalamu, naye akatia yake chini ya ile ya mwanawe.